Mzee Koma na Msomaji Namba Saba

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka thelathini na minne, walimwita Mzee Koma hata kabla hajafikia uzee. Alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, na ile alama ndogo ya mkato, koma, aliipigania kama watu wanavyopigania mpaka wa shamba. Mwandishi angeleta kurasa mia mbili alizozitolea jasho miaka mitatu, naye angezirudisha zimetapakaa wino mwekundu, akisema kwa upole, "Hapa mtu atakosa pumzi." Wapiga chapa wakimwona anashuka ngazi na karatasi mkononi waliambizana, "Haya, komeni, Koma huyo." Naye alicheka pamoja nao. Mtu asiyetaniwa kazini, alisema, hata akifa watadhani yuko likizo.

Macho yalimgeuka akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Lilianza doa dogo katikati ya kila alichokitazama, likakua, hadi ikawa akitaka kumwona mtu uso inabidi amtazame sikio. Daktari alimwambia kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki watakilinda. Mkewe alikuwa ameshatangulia miaka miwili nyuma. Binti yao wa pekee aliolewa nchi ya mbali, huko ambako watu wanalala wakati wa huku wanaamka, na alipiga simu kila Jumapili na maswali yake matatu: Baba umekula? Umetia dawa ya macho? Mvua imenyesha? Akishajibiwa yote, kila mmoja humsubiri mwenzake aage.

Mtu akizoea kelele za mashine, ukimya wa vyumba viwili unamwuma masikioni. Mzee Koma alifika hatua ya kuacha bomba la jikoni lidondoke kwa makusudi, ili nyumba iwe na kitu kinachosema.

Aliyemtoa humo ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maktaba ya vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona. Watu waliojitolea walirekodi vitabu majumbani kwao, na kabla kitabu hakijatolewa, ilibidi mtu mmoja akisikilize chote na kuandika dakika na kosa: neno lililorukwa, jina lililopindwa, mlango uliobamizwa.

"Mjomba," mpwa alimwambia, "waandishi umeshawatesa vya kutosha. Sasa njoo uwatese wasomaji."

Basi kila Alhamisi mpwa alimletea flashi yenye kitabu kipya na kuondoka na ripoti ya kitabu kilichokwisha. Mzee Koma aliandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama vifaranga, mistari minne kwa ukurasa. Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja tu wa "maoni mengine". Kumpa Mzee Koma mstari mmoja wa maoni ni kumpa tembo maji kwa kijiko. Alichukua kurasa tano, sita, na maktaba walizoea kuzisoma kwa sauti wakati wa chai.

Kitabu cha ufugaji wa nyuki alikisikiliza mara mbili, akaandika kwamba ndicho kitabu cha mapenzi bora kuliko vyote alivyopewa mwaka ule. Riwaya ya upelelezi ilimwudhi, na kosa halikuwa la mwandishi: "Msomaji amempa muuaji sauti nzito tangu sura ya pili. Polisi wanahangaika kurasa mia tatu, mimi nimeshamfunga." Kuhusu kitabu cha kujitajirisha kwa siku arobaini alisema msomaji mwenyewe anasikika hakiamini, na hilo ndilo jambo la kweli pekee lililomo. Daktari mmoja mpasuaji aliyeandika maisha yake, Mzee Koma alimsifu kwa sentensi zake fupi, kisha akaongeza: "Amewasamehe wote waliomkosea isipokuwa mkewe, ambaye sioni alichomkosea." Na kilipokuja kitabu cha kuwashauri wafiwa, alisikiliza sura moja na nusu. Mpwa akakuta ripoti ina mstari mmoja: "Apewe mtu mwingine."

Wasomaji hawakutajwa majina. Kila mmoja alikuwa na namba, na Mzee Koma alimpenda zaidi Namba Saba. Alikuwa mwanamke, si kijana, mwenye sauti ya mtu anayekuambia jambo huku akimenya viazi. Kabla ya kila aya alivuta pumzi kidogo, kama anayeingiza mguu kwenye maji ya baridi. Mkaguzi mwingine angeziandika pumzi zile kama makosa. Mzee Koma aliandika: "Namba Saba anapumua. Aachwe apumue." Pale penye mkato alisimama, penye nukta alitua, na penye mzaha hakucheka, alikuachia wewe ucheke. Mzee Koma alianza kumwekea kazi yake saa nzuri za asubuhi, akishanyoa ndevu. Hakumwambia mtu kwamba ananyoa kwanza. Chakula cha mchana alikula hedifoni zikiwa masikioni, na siku moja alijikuta ameuliza kwa sauti, "Kwani yule shemeji ataolewa kweli?" Akaona haya peke yake.

Alimsikiliza Namba Saba katika vitabu kumi na kimoja.

Cha kumi na mbili kilikuwa riwaya ya mjane anayehama nyumba aliyoishi tangu uchumba. Kitabu kizuri, lakini Namba Saba alikisoma kama aliyekabwa. Aliruka maneno. Alirudia sentensi. Wahusika wawili waliokuwa na sauti mbili wakabaki na moja. Na nyuma yake palikuwa na kelele: ting, ting, ting, kijiko kikigonga glasi. Msomaji husita, halafu pengo, halafu anaendelea kwa haraka. Mzee Koma alihesabu makosa arobaini na moja. Alijisikia kama mtu aliyealikwa kwa rafiki akakuta meza haijafutwa. Na ulimi hauna mfupa. Kalamu yake ndiyo kabisa.

"Sura ya tisa, dakika ya kumi na mbili: glasi," aliandika. "Dakika ya kumi na nne: glasi tena. Nani huyu anakunywa chai siku nzima kwenye chumba cha kurekodia? Kuanzia sura ya kumi na nane kelele zimekwisha, afadhali. Lakini msomaji amekichoka kitabu, na kitabu kimemchoka. Apumzishwe."

Alhamisi mpwa aliichukua ripoti. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Akaja msomaji mpya, mwanamume, Namba Kumi na Tisa, mwenye sauti ya tangazo la sabuni. Alisoma historia ya reli kama anayetaka kukuuzia behewa. Mzee Koma alivumilia vitabu vitatu, kisha akauliza, akijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

"Na yule Namba Saba?"

"Si ulisema apumzishwe, Mjomba?"

"Nilisema apumzishwe. Sikusema afukuzwe."

"Hakufukuzwa. Alipelekewa ripoti, akarudisha mashine ya kurekodia. Alikuwa na matatizo nyumbani. Mumewe alipata kiharusi, akapoteza kauli kabisa. Akitaka kitu alikuwa anagonga glasi kwa kijiko, na mkewe anaacha kusoma anakwenda. Mume alifariki kabla kitabu hakijaisha. Sisi wenyewe tumejua juzi tu."

Mzee Koma alimtazama mpwa wake sikio kwa muda mrefu. Kisha akasema chai inapoa, ingawa chai ilikuwa imeshanywewa.

Mpwa alipoondoka, alitafuta ile flashi ya riwaya ya mjane, ambayo hakuwa ameirudisha, akaichomeka. Hakuhitaji ripoti, dakika zote alikuwa nazo kichwani. Sura ya kwanza, mlio mmoja, mwepesi. Sura ya tisa, mara mbili. Katika sura ya kumi na tatu, jambo ambalo mwanzoni hakulisikia kwa sababu alikuwa anasaka makosa: baada ya glasi, mbali na kinasa sauti, sauti ya Namba Saba ikisema, "Nakuja, baba, nakuja." Sura ya kumi na saba, mlio wa mwisho, dhaifu, kama mtu aliyegusisha kijiko tu. Kisha sura ya kumi na nane. Kimya. Mwanamke anasoma vizuri, bila kusimama, hakuna anayemwita.

Hapo ndipo yeye alipoandika "afadhali".

Hakula mchana ule. Alikaa kibarazani, doa lake likifunika nusu ya barabara. Neno likishatoka halirudi, hilo alilijua. Lakini maisha yake yote kazi yake ilikuwa kurudisha maneno kabla hayajatoka, na hili lilimpita mkononi mwake mwenyewe. Asubuhi akachukua kalamu nene akaandika juu ya ukurasa: "Sahihisho." Chini yake alijaribu mara sita. Mwishowe akampa mpwa karatasi ya kumpelekea Namba Saba, yenye maneno machache: "Makosa arobaini na moja yalikuwa thelathini. Kumi na moja ni ya mkaguzi. Naomba radhi. Namba yangu ya simu ni hii."

Simu ilikuja siku ya tisa, saa za jioni mapema, akiwa anakuna nazi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye Namba Saba."

Alikuwa ameijua sauti kabla ya shikamoo, kwa ile pumzi. Sauti hii alikuwa ameizoea ikisema na watu wote. Haikuwahi kumsemesha yeye.

"Marahaba, mama," alijibu. "Pole na msiba. Mimi ndiye mtu wa..."

"Wa glasi. Najua."

"Naomba unisamehe."

"Nilikasirika, sitakuficha. Ile ripoti niliitupa jalalani. Halafu nikaenda nikaitoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeandika dakika." Kwa mara ya kwanza sauti ile ilitetereka nje ya kitabu. "Mzee, waliokuja kuzika walimlilia mtu wa maneno mengi, fundi, mcheshi. Miezi ile mitano hakuna aliyemsikia ila mimi. Na wewe. Kitabu changu mimi sina, nilirudisha mashine na kila kitu kilichokuwa ndani. Mpwa wako anasema watakisafisha, watazitoa zile kelele. Nikawa nauliza, kabla hawajazitoa..."

"Ninayo," Mzee Koma akasema. "Ninayo yote. Haijaguswa. Nitakutumia."

Waliongea karibu saa nzima. Nazi ilikauka kwenye mbuzi. Mzee Koma alimweleza kwamba kile kitabu cha nyuki alikisoma vizuri mno, naye akajibu kwamba alikuwa anawaogopa nyuki kiasi kwamba alisoma miguu ikiwa juu ya kiti. Kisha mwanamke akamwuliza mwisho wa ile riwaya aliuonaje, maana kwenye ripoti hakusema neno. Mzee Koma alifikiri.

"Mwandishi amemhamisha mjane haraka," alisema. "Sura moja tu yuko nyumba mpya anacheka na majirani. Mtu hahami hivyo."

"Hata mimi niliona hivyo nikiwa nasoma," akasema. "Lakini sikuwa na wa kumwambia."

Mzee Koma alitumia siku nne kuandaa alichomwahidi. Alisikiliza riwaya nzima upya, na kwa herufi zake kubwa akaandika kila mlio wa glasi: sura, dakika, mara ngapi, mkubwa au mdogo. Ilikuwa milio thelathini, kumi na tisa zaidi ya aliyoiona mwanzo. Palipokuwa na "nakuja, baba," aliandika pia. Maoni hakuandika. Mpwa akaipeleka flashi pamoja na kurasa zake, na Namba Saba akatuma salamu kwamba vimefika, na kwamba anahamia kwa dada yake, mji mwingine, mwisho wa mwezi. Kuhusu kusoma, alisema koo lake bado halitaki.

Alipiga simu mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza kusema amefika salama. Mara ya pili mtandao ulikuwa mbovu, wakabaki kuambizana halo, halo, hadi ukakatika, na Mzee Koma alikaa na simu mapajani mpaka giza likaingia. Yeye mwenyewe alimpigia siku ya sikukuu. Ikapokelewa na mtoto aliyesema bibi ameenda sokoni. Hakurudia. Aliona mtu anayejenga upya nyumba yake ya ndani asibishiwe hodi kila siku.

Miezi ikapita, na mpwa akaleta flashi yenye ile riwaya ya mjane, safari hii imesomwa upya na Namba Kumi na Tisa, maana ile ya kwanza haikusafishika. Mzee Koma aliianza asubuhi na kuimaliza jioni. Yule bwana wa sabuni alikuwa amejifunza. Alituliza sauti, alisimama penye mikato, na nyuma yake hapakuwa na kitu chochote, hata ndege.

Alhamisi mpwa aliipokea fomu, akaigeuza nyuma na mbele.

"Mjomba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeandika 'hakuna kosa' tu. Maoni je?"

"Hakuna kosa," alisema Mzee Koma. "Kimesomwa sawasawa. Kitoeni."

Mpwa hakuondoka haraka siku ile. Aliweka kitabu kipya mezani, akasema ni cha ushonaji wa viatu, kirefu, saa kumi na nne, na msomaji ni mgeni, Namba Ishirini na Mbili, mama mmoja mwenye kigugumizi kidogo ambaye ofisini hawajui kama apewe nafasi. Mzee Koma alisema kigugumizi kwenye kitabu cha viatu huenda kisidhuru. Akamsindikiza mpwa hadi njia kuu, akarudi taratibu akipapasa ukuta wa jirani kwa mkono mmoja, akafunga mlango, akavaa hedifoni, akasubiri mama yule aanze.