Koko Alivyopeleka Habari za Misi Ashworth

Harufu ya wino wa makapeni hunipeleka Columbus. Si harufu nzuri, nakubali. Inapanda puani na kung'ang'ania humo, na mume wangu anapoandika kwenye makasha ya kuhamia nyumba hunikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nimesahau sufuria jikoni. Hajui kwamba kwa dakika hizo nina umri wa miaka kumi na moja, nimeshika kalamu nene nyeusi mbele ya ukuta uliofunikwa karatasi, na ukumbi mzima unanitazama.

Basi nikusimulieni ninyi, maana yeye nimeshamsimulia mpaka amechoka.

Naitwa Neema Ashworth. Najua mnachofikiri. Walimu wetu pale West Side, Buffalo, walifikiri hivyo hivyo. Siku ya kwanza ya mwaka, wakiita majina, wakifika kwangu walikuwa wanainua macho kumtafuta mtoto wa Kizungu, wanakutana na msichana mweusi aliyesukwa nywele kwa uzi, kisha wanarudi kwenye karatasi kuhakikisha. Kwetu Kivu haikuwa desturi ukoo mzima kubeba jina moja. Kila mtoto alipewa la kwake, la mtu aliyependwa au la jambo lililotokea. Baba yangu ni Ashworth, mdogo wake wa tumbo moja ni Bisimwa, na hakuna aliyeona ajabu mpaka tulipofika mbele ya watu wa makaratasi kambini. Wale walitaka kila mtoto aandikwe jina la baba yake. Ndivyo sisi watoto wanne tulivyoingia kambini Wakongo tukatoka Waingereza.

Jina hilo Baba alipewa na mama yake, yaani Koko wetu. Misi Ashworth alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni, mwanamke mrefu wa Kiingereza aliyetembea haraka na kusema Kiswahili cha puani. Uzazi wa Baba ulikuwa mgumu. Misi alikaa na Koko siku mbili bila kuondoka, akimpa maji kwa kijiko, na mtoto alipotoka mzima wote wawili walilia. Koko alipopata nguvu akamuuliza, kama mwanamke yeyote angeuliza, watoto wake yeye wako wapi. Misi akasema hana. Koko akafikiri, kisha akamwambia aandike kwenye kile kitabu cha hospitali kwamba mtoto huyu anaitwa Ashworth. Misi akamfumia kofia ndogo ya sufu nyeupe, na tangu siku ile hakumwita Baba kwa jina. Alimwita majina wangu, kama watu wa kwetu wanavyomwita mtu wanayeitwa naye jina moja. Baadaye alikwenda kwao likizo, vita vikaingia, asirudi tena. Miaka ikapita, mchungaji akaleta habari kwamba amefia huko Uingereza.

Kofia ile Koko alikimbia nayo. Walikimbia mara tatu, na kila mara aliacha vitu vya maana kuliko kofia: masufuria, cherehani, mbuzi aliyekuwa na mimba. Kofia aliifunga kiunoni ndani ya kitambaa. Mimi utotoni niliiona kama kituko cha kizee, na nilikuwa na hakika kwamba jina letu lilikuwa ahsante ya mtu maskini kwa Mzungu. Nililionea haya kwa sababu hiyo, ingawa sikumwambia mtu.

Sasa, mwaka 2015, majira ya kuchipua, ikaja barua. Baba alikuwa ametoka kazini kiwandani, bado ana kofia ya neti kichwani, akanikabidhi niisome maana Kiingereza cha nyumba ile kilikuwa changu. Barua iliwaalika Waashworth wote kwenye mkutano wa ukoo, Columbus, Ohio, mwezi wa saba. Kulikuwa na picha ya mti wa kijani na mahali pa kujaza idadi ya watu na chakula mtakachobeba.

"Baba, hii haikuandikwa kwetu," nilimwambia. "Imetumwa kwa kila mtu anayebeba jina hili. Wametoa anwani kwenye orodha tu."

"Donc, basi sisi hatulibebe?" aliuliza Baba.

Alipiga simu Louisville jioni ile ile. Koko alikuwa anakaa huko na Baba mdogo Bisimwa, aliyefanya kazi kwenye ghala moja Jeffersontown. Simu iliwekwa kwa sauti kubwa, na Baba akamweleza Koko barua yote.

"Njo watu ya kwabo na Misi wale," akasema Koko, akimaanisha ndio ndugu zake Misi. "Munipeleke."

Mama alijaza karatasi: watu wanane, sombe.

Columbus iko katikati, kwa hiyo sisi tulishuka kutoka Buffalo na wao wakapanda kutoka Louisville, tukakutana Morse Road kwa rafiki wa Mama, aliyetuachia jiko lake. Nyumba nzima ilinuka sombe, yale majani yetu ya muhogo, na mawese na dagaa wa ndagala. Koko alikuwa amevaa kitenge kipya cha samawati, amekaa wima kwenye kochi kama anasubiri kuitwa. Nilimuuliza tunakwenda kufanya nini kwa wale watu. Akasema wanapaswa kujua kwamba dada yao hakufa bila mtoto, na kwamba anataka waandike. Kiunoni mwake niliona kile kitambaa kimefungwa, nikajua kofia imo.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, wa kukodi. Mlangoni palikuwa na meza yenye vibandiko vya rangi tatu, na bibi mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, Bibi Edith, alituuliza tumetoka kwa ndugu yupi kati ya watatu walioanzisha ukoo Marekani. Nilitafsiri. Baba akasema hatujui bado. Bibi Edith alitutazama wote wanane na sufuria yetu, akasita kidogo tu, kisha akatupa vibandiko vya rangi zote.

Kaka yake, Mzee Walter, ndiye aliyekuwa bwana wa karatasi. Ukuta mzima ulikuwa umefunikwa kwa karatasi moja ndefu nyeupe yenye mistari na majina, na yeye alisimama mbele yake na fimbo akatueleza. Nilimtafsiria Koko sikioni. Jina lilianzia kijiji kidogo huko Lancashire, na maana yake ni boma lenye miti inayoitwa ash. Lakini ukiwa bado unaishi bomani, alisema Mzee Walter, hakuna haja ya kukuita jina la boma. Walikuita hivyo ulipohamia kwingine, ili wajue ulikotoka. Jina lilianza siku mtu alipoondoka. Baadaye wakawa wafumaji wa pamba, mashine zikaja, kazi ikaisha, njaa ikaingia, na ndugu watatu wakapanda meli. Mmoja aliishia Buffalo, wa pili akapata shamba karibu na Columbus, wa tatu akashuka na mto mpaka Louisville.

Baba alinigusa bega, uso umemchangamka. Buffalo, Columbus, Louisville. "Walitutangulia tu," alisema.

Koko yeye alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Kumbe na wao ni wakimbizi," alisema. "Uwaambie pole."

Sikuwaambia. Niliona haya. Watoto wawili wenye nywele nyekundu walikuwa wananusa sombe yetu kwa mbali, na nilitaka ardhi ipasuke inimeze, mimi na jina langu.

Kisha Koko akasimama. Alimfuata Mzee Walter ukutani akinivuta mkono, akatazama mistari ile mirefu. Hakujua kusoma, lakini aliona upesi kwamba mingine inaendelea chini na mingine inakatika. Akaweka kidole kwenye mmoja uliokatika.

"Muulize. Mwanamuke mwenye hakuzala, munamuandikaka wapi?"

Nikauliza. Mzee Walter akasema huandikwa, ila mstari wake unaishia hapo. Koko akaeleza yote: siku mbili za uzazi, maji kwa kijiko, kitabu cha hospitali. Nilitafsiri nikitazama viatu vyangu. Akamwonyesha Baba, aliyekuwa akiweka shati lake sawa. Akasema: andika Misi, kisha chini yake mwandike mtoto wake, huyu hapa.

Mzee Walter hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema ni habari nzuri sana, lakini karatasi ile ni ya damu tu, na huyo mkunga mwenyewe hamjui, pengine si wa ukoo wao hata kidogo. Akifungua mlango kwa mmoja itabidi afungue kwa wote. Alisema amesikitika.

Koko akanigeukia. "Amesema nini?"

Alikuwa ametoka Louisville na kitenge kipya. Nikasema, "Amekubali, Koko. Wataandika."

Sikujua atafanya nini baada ya hapo, la sivyo nisingesema. Alifungua kiuno. Akatoa kitambaa, akakikunjua polepole, akamwekea Mzee Walter ile kofia viganjani kwa mikono miwili. Ilikuwa imekuwa ya manjano, na kamba moja haikuwepo. Kofia iliyopita vita vitatu na kambi, ameitoa kwa mtu aliyemkatalia, kwa sababu yangu mimi. Nikaanza kulia, na si kilio cha kistaarabu.

Bibi Edith alikuja kutoka mezani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote kwa Kiingereza: kwamba nimedanganya, kwamba arudishe kofia, kwamba hatukuja kuwasumbua. Alinisikiliza akiwa ameinama, mkono wake gotini. Kisha akaichukua kofia mikononi mwa kaka yake, akairudisha kwa Koko na kuvifunika vidole vya Koko kwa mikono yake. Akanionyesha ukutani, karibu na pembe. Palikuwa na jina Edith, na mstari wake ulikuwa umekatika.

Hakumuuliza kaka yake. Alitwaa makapeni, akang'oa kifuniko kwa meno, akanipa. "Andika," alisema, akinionyesha ukingo mweupe wa karatasi, kando ya ndugu wote watatu.

Niliandika Misi Ashworth. Nikachora mstari, nikaandika jina la Baba, kisha sisi wanne. Herufi zikapanda mlima. Mzee Walter alitazama mpaka mwisho, kisha akaja kula sombe, akaongeza mara ya pili. Katika gari Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba Kiingereza cha kiwandani kinatosha kulijua neno hapana, na kwamba amelisikia.

Miezi mingi baadaye karatasi ilichapishwa, ikatumwa kwa wote waliohudhuria. Niliikunjua sakafuni pale Buffalo. Ilikuwa safi, nzuri, na kingo zake zimekatwa sawasawa. Hatukuwemo.

Nilimpigia Koko mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, lakini sauti yake ilipotoka ukanishinda. "Koko, hawakutuandika. Na siku ile hakukubali. Nilikudanganya."

"Niliona macho ya ule muzee," alisema. "Mimi si kipofu. Ile mama ya nywele nyeupe njo aliandikisha."

"Hujakasirika?"

"Bon, sikia. Niliwaletea habari. Waliisikia?"

"Waliisikia."

"Basi. Kuandika ni kazi yao."

Nikadhani ananifariji. Watu wazima hufanya hivyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anasema jambo lilivyo. Mimi katika ukumbi ule niliona wageni wanane wanaobisha hodi kwenye jina la watu. Koko aliona amefika kwa wafiwa. Mtu akifia mbali, aliyekuwa naye huenda kwao kueleza alichoacha, na haendi kuomba nafasi kwenye mkeka. Na jina lile halikuwa ahsante ya maskini. Mwanamke mwenye mtoto alimtazama mwanamke asiye naye, akaona ana kitu cha kumpa, akampa. Nilikuwa nimelionea haya kwa miaka yote ile bila kujua nani alimpa nani.

Koko alifariki Louisville miaka miwili iliyopita. Kofia aliniachia mimi. Mwezi wa tatu mwaka huu nilijifungua msichana, Buffalo, asubuhi ya theluji, na nikamvisha, ikamkaa sawasawa isipokuwa ule upande usio na kamba. Akaja mama mmoja wa hospitali na fomu ya kuandikisha mtoto. Mume wangu alishakubali tangu zamani. Nikamtajia jina la ukoo, akaandika, akatabasamu.

"Ashworth," alisema. "Hilo ni la Kiingereza kabisa. Mmelipata upande gani?"

"Upande wa bibi yangu," nikasema.