Meli Aliyoifundisha Papa

Papa alikuwa mwalimu kule Fizi, na tulipokimbia vita alibeba kitabu kimoja cha jiografia cha Kifaransa alichokuwa akifundishia huko, kilichochapwa kabla hajazaliwa. Sufuria alizisahau. Mama hakumsamehe.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Papa alikusanya watu wazima waliosubiri kupelekwa Ulaya, akawafundisha ukurasa uliosalia mzima kuliko zote: Normandie, jimbo la Wafaransa. Matufaha, siagi, majabali meupe kando ya bahari. Aliwaeleza kwamba watu wa kaskazini walifika huko kwa mashua, wakachoma na kupora mpaka mfalme wa Wafaransa akawapa ardhi, wakatulia. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama nao walipanga foleni ya chakula. Jirani yetu Mnyankole, mfugaji, aliomba kuona ng'ombe wa huko. Alipoona pembe zao fupi aliwahurumia Wafaransa.

Chini ya ukurasa palikuwa na picha ya meli, nayo ikiitwa Normandie.

"Ile meli njo kubwa mu dunia yote," Papa alisema kila alipofika hapo. "Mukifika kule, mutaiona."

Alijivunia jambo moja tu maishani: hajawahi kumfundisha mtu uongo.

Mwaka 2009 nilikwenda mjini Mbarara kununua chaki, nikaingia duka la intaneti nimtafutie picha ya rangi. Nikasoma kwamba meli iliungua bandarini New York mwaka 1942. Wazima moto waliimwagia maji mengi mno, ikalala ubavu. Baadaye ilikatwakatwa, ikauzwa kama vyuma chakavu. Nilitamani kunyamaza, lakini niliogopa kwamba siku moja mtu angemcheka mbele ya darasa.

Nilimwambia akiwa anamenya muhogo. Akaendelea kumenya.

"Batu balikufa?"

"Mumoja, Papa."

Asubuhi alisimama mbele ya darasa akasema amewafundisha uongo, ile meli haipo tangu zamani, wafute kwenye madaftari. Walifuta. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimwambia haina shida, mwalimu, sisi tutaenda na ndege.

Siku hiyo Papa hakugusa chakula. Nilimwambia kosa lenyewe ni dogo, tena ameshalirekebisha, asijitese.

"Aba nimeshabaambia," alisema. "Bale banafunzi ba Fizi, benye balikufa mu vita, nitabaambia namna gani?"