Nta ya Mshumaa Kwenye Kaburi la Baba

Jumatatu ya Pasaka. Mvua imenyesha tangu asubuhi bila kupumzika, maji yamesimama uwani mpaka kwenye ngazi, na umeme ulikatika saa tisa mchana. Nimewasha mshumaa niandike. Mie niliishia darasa la saba, sijui kama mambo haya yanaandikwa hivi, lakini harufu ya nta imenikalia puani na nimechoka kuikimbia. Wengine wakiisikia wanakumbuka ibada au giza. Mie inanikumbusha tarumbeta, na ladha yake naijua mdomoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, hapa hapa Mtoni, na meno yangu ya juu yalikuwa yamefungwa waya mwaka wa pili sasa. Shangazi alikuwa akifanya usafi kwenye kliniki ya meno, ndiye aliyemwomba daktari anisaidie, maana meno yalikuwa yamepandana. Watoto wa mtaani waliniita Geti. “Wee Geti, hebu fungua tupite!” Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha matarumbeta, wengi wao watu wa Tukuyu na Njombe, na Baba alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyenifundisha kupuliza. Waya zilinikata mdomo kwa ndani, kwa hiyo akanionyesha namna ya kulainisha kipande cha mshumaa kwa vidole na kukibandika juu ya waya kabla ya kupiga. Nikazoea hivyo, mdomo ukajua pa kukaa. Mwalimu Asegelile, kiongozi wetu, akanipa sauti ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha, Baba akafariki.

Desturi ya kikundi ilikuwa kwamba alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na kupiga kwenye kila kaburi la mwenzetu aliyezikwa tangu Pasaka iliyopita. Mwaka ule kaburi lilikuwa moja tu, la Baba. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanaye ndiye atakayempigia baba yake. Zilipobaki wiki mbili, daktari akazitoa waya. Simlaumu, siku ya kuzitoa ilikuwa imefika na meno yalinyooka vizuri, ninayo mpaka leo. Ila niliporudi mazoezini mdomo uliteleza kama samaki. Nilipuliza, ikatoka hewa tupu. Tumaini, msichana wa rika langu aliyepiga sauti ya pili karibu yangu, alicheka mpaka akakaa chini. “Jamani, geti limeng'olewa, mwizi kaingia kaiba sauti!” Nilimchukia siku ile. Lakini niseme haki: jioni yake alinifuata nyumbani, tukafanya mazoezi pamoja nyuma ya choo mpaka midomo ikavimba.

Ijumaa Kuu Mwalimu aliniita pembeni. “Binti, niambie kweli. Utaweza? Ukishindwa si dhambi, Tumaini atashika.” Nikamjibu, “Shikamoo Mwalimu, naweza.” Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, ila hofu ilinifanya nirudie. Sikuweza, na nilijua siwezi.

Nilichofanya ni ujinga wa mtoto. Nilijiambia kwamba kilichopungua mdomoni ni ule unene, kwa hiyo alfajiri ile nikabandika nta kwenye meno matupu, vilevile kama Baba alivyonifundisha. Kwenye waya nta hushika, kwenye jino tupu haina pa kushika. Mstari wa kwanza ulitoka, tena ulitoka vizuri, nikamwona Mama anafuta macho kwa kona ya khanga. Mstari wa pili nta ikaachia, ikaniingia chini ya ulimi, na tarumbeta ikanyamaza. Sikuishusha. Nilijaza mashavu tu, nikisogeza vidole. Tumaini hakugeuka kunitazama, aliiacha sauti yake na kupanda juu kwenye yangu, akaimaliza mpaka mwisho. Mama alinikumbatia pale pale udongoni. “Umempigia baba yako vizuri, mwanangu.” Nilikuwa bado na nta mdomoni. Nikaimeza, nikanyamaza.

Sijui kama kule kunyamaza kwangu kulikuwa uongo au huruma. Nimejiuliza miaka mingi. Leo mchana jirani mpya alikuja kutusalimia, na Mama, ambaye sasa anatembea kwa kushika ukuta, akamsimulia tena jinsi nilivyopiga. Jirani alipoondoka nikamwambia Mama yote. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

“Kwa hiyo miaka yote nimemshukuru mtu siye,” akasema. “Mpigie simu huyo mwenzio.”

Tumaini anakaa Mbezi Luis siku hizi, ana watoto wanne. Nilipompigia, alicheka vilevile kama zamani. “Hee, Geti! Mie nilishasahau hayo. Mpe Mama simu.” Sikusikia walichoongea, nilikuwa nasonga ugali. Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Nimechoka tu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji na bado mikono inauma.

Tumekula ugali, dagaa wa kukaanga na mchicha wa nazi. Mama aliniagiza nipakue sahani ya tatu, ya Tumaini, akaifunika mwenyewe. Nilimwambia Mbezi ni mbali na mvua hii hatakuja mtu. Akasema anajua. Ipo mezani, kesho nitaipasha moto ninywee chai.