Soma Mpaka Mwenye Neno Amalize

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli isiyo na breki, Biblia yenye jalada jeusi, na karipio. Baiskeli iliibiwa mnadani. Biblia niliisoma hadi kurasa zikaanza kuachia. Karipio ninalo mpaka leo.

Aliyenikaripia alikuwa Mchungaji wa Usharika, mzee mrefu aliyevaa kaptula ya kaki siku za kazi na kanzu nyeupe Jumapili. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, kichwa kimevimba kwa cheti. Kabla hajanikabidhi mtaa wangu, aliniketisha ofisini akaniambia nimsomee somo la Jumapili inayofuata. Nikasoma kwa sauti ya mtu anayejiamini, nikafika mahali palipokuwa panaupendeza moyo wangu, nikasimama ili nianze kumhubiria.

"Nani amekuambia usimame?" aliuliza.

"Hapo ndipo penye ujumbe, Mchungaji."

"Ujumbe wa nani? Wako au wake? Baba yako akizungumza unamkatiza? Basi unamkatiza Mungu kwa sababu humwoni akishika fimbo. Soma mpaka mwenye neno amalize."

Nikaendelea hadi mwisho wa sura, na huko mwisho nikakuta kwamba mahubiri niliyotaka kuyatoa yalikuwa yanapingana na sura yenyewe. Mchungaji hakucheka. Alinipa ufunguo wa baiskeli akaniambia niende nikaanze kazi.

Ninyi vijana mnaoamka asubuhi mkafungua simu, mkakuta mstari mmoja umewekewa picha ya maua, mkasema Mungu amesema nanyi, ninawaandikia ninyi, na ninaandika nikiwa nimekasirika. Mke wangu amenishauri nisubiri kwanza nipoe. Nimesubiri tangu nistaafu, na sijapoa.

Mtaa wangu wa kwanza ulikuwa nje kidogo ya Iguguno. Kwa wasiojua, usharika hugawanyika katika mitaa, na kila mtaa una kanisa lake dogo na mwinjilisti wake. Mwinjilisti si mchungaji. Hagawi Meza ya Bwana, na habatizi isipokuwa kwa dharura. Kazi yake ni kulisoma Neno, kulifundisha, kuzika, kutembelea wagonjwa na kuwaandaa watoto wa kipaimara. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, tukiigonga kwa nondo.

Jumatatu nilisoma somo la Jumapili. Siku zilizofuata nilisoma sura iliyolitangulia na sura iliyolifuata, nikiwa shambani wakati wa mapumziko, nimekaa kati ya mistari ya alizeti. Hiyo tuliiita kusoma mbele na nyuma. Jumapili nililisoma somo kwa Kiswahili, kisha nikalieleza kwa Kinyiramba kwa ajili ya akina bibi waliokaa mbele kwenye mikeka. Hapo ndipo uvivu ulipoumbuka. Kiswahili cha Biblia unaweza kukipita juu juu kwa sauti nzuri, watu wakaitikia amina. Lakini bibi anayekutazama usoni na kukuuliza kwa lugha ya nyumbani, "Sasa huyo mtu alikuwa amekosa nini?" humwezi kwa sauti nzuri.

Tulifundishwa pia namna ya kumsikiliza mtu anayesema ameonyeshwa na Bwana. Hatukumdharau, kwa maana Mungu huongoza watu wake, na mimi mwenyewe nisingekuwa mwinjilisti kama nisingeliamini hilo. Lakini tulimuuliza: kabla hujaonyeshwa, ulikuwa unataka nini? Mara nyingi alikuwa anataka kile kile alichoonyeshwa. Leo hakuna anayeulizwa. Mtu anamwacha mkewe, ameonyeshwa. Mtu anagombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, ameonyeshwa. Mungu amegeuzwa tarishi wa tamaa zetu, na tunamtuma mchana kweupe.

Katika mtaa ule alikuwapo mzee wa kanisa aliyeitwa Yoeli. Aliitwa mzee kwa cheo, umri wake ulikuwa kama wangu. Matofali ya kanisa letu mengi aliyafyatua yeye, na akiomba hadharani hata watoto walitulia. Nilimpenda. Mke wake wa kwanza alifariki mapema bila mtoto, akabaki mgane. Kisha kaka yake mkubwa naye akafariki, akamwacha Mama Tabitha na watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili.

Matanga hayajaisha, Yoeli akanijia.

"Mwinjilisti, Bwana amenionyesha."

"Amekuonyesha nini?"

"Nimchukue shemeji. Mimi mgane, yeye mjane, kanisa halina pingamizi. Na Neno lipo."

"Shemeji mwenyewe anasemaje?"

Alinitolea macho. "Neno limeshasema, yeye aseme nini tena?"

Wengi wenu mnajua desturi yenyewe. Mume akifa, ukoo unakaa, mjane anakabidhiwa kwa ndugu wa marehemu, na shamba na ng'ombe vinafuatana naye. Wapo walioridhia na wakaishi vizuri, siwasemi hao. Nasema kwamba wazee wetu walipobatizwa walibatizwa na desturi yao mfukoni, halafu wakaitafutia mstari.

Mama Tabitha alinikuta nafagia uwanja wa kanisa. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Mwinjilisti, mimi simpendi shemeji kwa namna hiyo. Lakini Mungu siwezi kubishana naye. Kama amesema, nitakwenda. Nitalia, lakini nitakwenda. Ninakuomba kitu kimoja tu. Hakikisha amesema."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuombwa jambo zito kuliko hilo. Wenye vyeo vya kanisa walikuwa tayari kumfunga mwanamke huyu maisha yake yote kwa mstari ambao hakuna aliyejisumbua kuufungua. Yeye aliyekuwa anafungwa ndiye peke yake aliyetaka usomwe.

Siku ya kumaliza matanga tulikaa uani kwa marehemu, wazee wa ukoo upande mmoja, wazee wa kanisa upande mwingine, wanawake karibu na jiko. Mama Tabitha alikaa mkekani na watoto wake. Yoeli akanipa Biblia yake mwenyewe, ameshaifungua kwenye Torati, kidole chake kimeganda mahali.

"Soma hapo, Mwinjilisti. Hapo tu panatosha."

Nilitazama kidole chake. Kilikuwa katikati ya mstari, mahali panapokataza mke wa marehemu kuolewa nje ya ukoo. Niliinua kidole kile nikaanza mstari unapoanzia. Unaanza kwa kueleza habari za ndugu wanaokaa pamoja, mmoja wao akafa bila kuacha mwana.

 Wazee wote wakageuka kuwatazama wale wavulana wawili mkekani. Mdogo alikuwa anamenya karanga.

Nikaendelea. Sheria ile inasema nia yake ni jina la marehemu lisipotee. Inasema pia ndugu anaweza kukataa, na mjane anakwenda langoni kwa wazee na kusema shauri lake kwa kinywa chake, nao wanamsikiliza. Nilisoma mpaka habari ile ikaisha.

"Nilikuambia usome mstari ule!" Yoeli alifoka.

"Nimeusoma ule ule, mzee mwenzangu. Nimeanzia unapoanzia."

"Baba yangu alifundishwa hivi na wazee wa kanisa waliomtangulia. Unataka kusema walikuwa waongo?"

Nilimrudishia Biblia yake. Nilikuwa nimeona usoni mwake kwamba hakuwa anadanganya. Maisha yake yote alipewa nusu ya mstari, akaitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta wa nyumba ya baba yake. Hasira yangu haikuwa kwake. Ilikuwa kwa wote waliowahi kusimama mbele ya watu, wanajua kusoma, wakasoma nusu.

Mama Tabitha alijifunga kanga vizuri akanyanyuka. "Basi hakusema," alisema, akaenda jikoni kuangalia sufuria.

Mnadhani nilishangiliwa? Wazee wa mtaa walipeleka malalamiko, na Mkuu wa Jimbo akaniita. Mkuu wa Jimbo ni mchungaji anayesimamia sharika nyingi, na huyu alikuwa mtu mpole, sauti yake ya chini, chai haikukosekana mezani kwake.

"Umesoma sawasawa," alisema. "Hakuna anayelipinga hilo. Lakini amani ya mtaa imeharibika."

"Ilikuwa amani ya nani, Mkuu? Mama Tabitha hakuwa nayo."

"Mwinjilisti, kunywa chai."

Nikahamishiwa Ihanja. Huko watu ni Wanyaturu, na mimi Kinyaturu sikukijua. Mwaka mzima akina bibi walicheka nilipojaribu kueleza somo, nikajifunza kwa kuchekwa. Nilihudumu huko muda mrefu, kisha nikaletwa Singida mjini. Kila nilipokwenda nilisoma mbele na nyuma, na kila nilipokwenda alikuwapo mkubwa mmoja wa kuniambia kwamba somo ni refu mno na watu wana njaa. Watu hao hao walikaa arusini tangu mchana hadi jioni bila kulalamika.

Mama Tabitha alibaki nyumbani kwake, akalima shamba lake, akawasomesha watoto. Yoeli baadaye alioa mke mwingine, anaitwa Mama Neema, wakajaliwa mabinti. Nikipita Iguguno siku ya mnada nilikuwa nakutana naye. Nilimsalimu. Aligeuka akatazama mbuzi wa watu kana kwamba anawanunua wote.

Siku ya kuagwa kwangu kanisa lilinipa blanketi na kiti, kwaya ikaimba, mhubiri akasoma mistari mitatu kutoka kwenye simu yake, kila mmoja kutoka kitabu chake, hakuna hata mmoja uliomfahamu mwenzake. Sasa naishi Mandewa, hapa hapa Singida mjini. Jirani yangu ana kanisa lenye spika zinazotazama ukuta wa chumba changu, na mhubiri wake anatangazia watu baraka kwa vipande vya maneno vilivyonyofolewa popote alipoona panameremeta. Wenye shida wanakuja kwake na machozi ya kweli. Wanaondoka na chupa ya mafuta na nusu mstari. Nikilifikiria hilo usingizi hauji. Anayeumwa hawezi kuishi kwa nusu mstari.

Mwaka huu, alizeti imeshavunwa, mwanamke mmoja alibisha mlangoni kwangu amevaa nguo za msiba.

"Shikamoo, baba Mwinjilisti."

"Marahaba. Karibu. Wewe nani, mama?"

"Mimi mke wa Yoeli. Tumemzika."

Sikuwa nimesikia. Nilimpa pole, nikamwekea kiti kile cha kuagwa. Akaniambia mdogo wa marehemu, ambaye naye ni mgane, anataka kumchukua yeye na shamba, na Neno lipo.

"Na safari hii, baba, wanasema hata mwanzo wa mstari haunitetei. Mimi nina mabinti watupu."

"Mna mwinjilisti kijana huko. Amewaambia nini?"

"Amesema tuombe, Bwana ataonyesha."

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo mfiwa hastahili kuambiwa. Nilimuuliza kwa nini watu wa mtaa ule walinifukuza nilipokuwa na miguu, wakanikumbuka sasa nina magoti mabovu. Kwa nini hawakusoma wenyewe, kila nyumba ina Biblia, wanaifunika kitambaa kama redio! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ni yeye aliyenituma," alisema. "Alipoona haponi aliniita. Akasema, nikifa watakuja na mstari ule. Usiwaache wasome nusu. Kamwite yule mtu."

"Yoeli alisema hivyo?"

"Alisema, yule alisoma kweli."

Miaka yote ile. Mnadani, njiani, kwenye misiba ya watu, akinipita na kutazama mbuzi. Alikuwa anajua. Neno moja tu lingetosha, hata kutikisa kichwa. Badala yake alilihifadhi mpaka akafika mahali ambapo siwezi kumjibu.

Nilipanda basi asubuhi. Uani kwa Yoeli walikuwa wamekaa vile vile, na mdogo wake akanipa Biblia imefunguliwa, kidole katikati ya mstari. Nikakisogeza. Nikaanza unapoanzia, nikapita pale panapomruhusu mjane asimame mbele ya wazee na kusema, nikaenda kwenye habari ya wale mabinti wa Torati wasio na kaka, ambao Mungu mwenyewe aliamuru wapewe urithi wa baba yao. Kisha nikafungua waraka wa Mtume, unaosema mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana.

"Basi, Mwinjilisti, tumesikia," alisema mdogo wa Yoeli. "Inatosha."

"Ulisema Neno lipo, shemeji," Mama Neema alimjibu. "Acha liishe."

Akabaki kwenye nyumba yake, na yupo hapo mpaka leo na mabinti zake. Lakini wakati ule nilikuwa sijamaliza. Kaburi la Yoeli lilikuwa nyuma tu ya nyumba, udongo bado mpya. Nilisimama upande ule, nikasoma mpaka mwisho kwa sauti kubwa kuliko waliokaa walivyohitaji, kwa kuwa nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilitaka asikie.