Mtaa wa Mama kwa Rangi za Maji

Ofisini walimwita Muhuri, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka ishirini na miwili katika masjala ya ardhi hajawahi kupitisha hati yenye herufi iliyofutwafutwa. Ukimletea ramani ya kiwanja iliyorekebishwa kwa kalamu, hata kama umeongeza nukta tu, anakurudishia kwa ncha za vidole viwili kana kwamba umempa panya. Waraka ni waraka, husema, haupunguzwi, hauongezwi.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa brashi, utegemee nini? Rangi za maji alianza kuzichezea baada ya kuona mafunzo kwenye simu, akanogewa. Kila Jumapili huchagua mtandaoni picha ya mtaa, mtaa wowote, wa nchi yoyote, huiegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuinakili. Na akinakili, amenakili. Waya wa umeme ukilegea kwenye picha, na kwake utalegea vivyo hivyo. Gari likikatwa na ukingo wa picha, huwezi kumshawishi aongeze hata tairi. Wenzake walimtania kwamba siku moja ataugonga mchoro muhuri na tarehe. Alicheka nao, lakini hakubadilika.

Kilichomnyima raha mwaka huo si michoro, ni mama yake. Mama alivunjika nyonga akiwa peke yake nyumbani kwake, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani mmoja alipopita alasiri kuazima chungio. Muhuri, bintiye, akamchukua kwake, akampa chumba chenye dirisha kubwa, ghorofa ya pili. Baada ya miezi mitatu nyonga ikaunga, mama akaanza kutembea kwa kuegemea fremu, na ulimi nao ukapata nguvu. Chai ya huku haina ladha. Majirani wa huku wanapita kama hawajakuona. Mwishowe akampigia mwanawe mkubwa, dereva wa lori, akamwamuru aje Jumamosi amrudishe kwake. Kaka mtu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mama yake kitu, akasema sawa.

Kumzuia kwa nguvu Muhuri hakutaka. Mama si mfungwa. Kumwacha aende aliogopa, tena aliogopa kwelikweli, maana mara ya pili huenda jirani asihitaji chungio. Alitaka mama abaki kwa hiari yake, na namna ya kulipata hilo hakuijua. Basi akafanya anachokijua. Akaingia kwenye ile ramani ya mtandaoni inayokuonyesha barabara kana kwamba umesimama katikati yake, akautafuta mtaa wa mama, akaukuta, picha ya miaka minane nyuma. Akauchora alfajiri kabla ya kwenda kazini, siku nne mfululizo. Alijipa moyo kwamba mama akiwa na mtaa wake ukutani, atapunguza kuulilia.

Alhamisi aliporudi kutoka kazini akamwekea mezani. Mama akavaa miwani, akaongeza na kioo cha kukuzia maandishi, maana bibi huyu hana mchezo. Akaanzia juu. Mabati, sawa. Ukuta wa bluu uliobanduka, sawa. Hata ufa ulikuwa mahali pake. Muhuri akaanza kuvimba kichwa. Kisha kioo kikashuka hadi kona ya mtaa, kikaganda.

"Huyu fundi viatu umemkata mguu?"

Muhuri akainama kuangalia. Kweli, fundi alikuwa ameketi kibandani kwake na mguu mmoja tu, na mahali pa uso pana kitu kama uji. Ikabidi aeleze: lile gari la kamera hupiga vipande vipande, vipande huunganishwa, na kwenye maungio watu hukatika. Sura nazo hufifishwa makusudi ili watu wasitambulike. Yeye amechora kilichokuwepo.

"Kilichokuwepo ni miguu miwili," mama akasema. "Hiyo kamera inamjua? Mimi ndiye ninayemjua."

Muhuri akajitetea kwamba rangi za maji si chaki. Ukishapaka giza, mwanga huuweki tena juu yake. Mama hakutaka kusikia. Basi akaleta brashi yenye maji na tishu, akaulowesha ukuta wa mchoroni kidogo kidogo na kuufyonza mpaka pakapatikana weupe wa kutosha mguu. Alijiona kana kwamba anaghushi hati. Mama akasimamia kazi: kiatu cha pili kiwe cha rangi nyingine, maana yule fundi alivaa viatu vya wateja waliochelewa kuvifuata. Pua iwe pana. Midomo ibane misumari midogo, kwani hata akikusalimia hakuitoa. Hapo wakacheka wote wawili mpaka mama akashika nyonga.

Kioo kikasogea hadi kwenye geti la kijani. Palikuwa na nusu ya mwanamke pale: bega moja, mkono mmoja kiunoni, gauni la njano lililokatika wima, uso umefifia. Muhuri alikuwa akijivunia gauni lile. Njano ilimtoka safi. Mama akakisogeza kioo karibu, akakisogeza mbali.

"Huyu ni mimi," alisema.

Siku nne Muhuri amemtazama mwanamke yule, amelipima bega lake kwa penseli, amehangaika na kivuli chake chini, na hakumtambua mama yake mzazi. Gauni lenyewe alimnunulia yeye. Akaanza kuomba msamaha huku maneno yakigongana.

Mama wala hakuwa amekasirika. Alisema alikuwa akisimama getini pale kila jioni kungoja apite yeyote wa kuongea naye. Fundi viatu ndiye aliyekuwa wa mwisho, naye mwaka juzi alihamia kwa mwanawe. Tangu hapo alikuwa akisimama tu. Kisha akaugonga mchoro kwa kidole, akataka amaliziwe upande wa pili. Muhuri akasema huo upande haupo kwenye picha.

Mama akavuta fremu, akainuka, akajikokota hadi mlangoni mwa jikoni. Akaweka mkono kiunoni.

"Achana na simu. Nitazame mimi."

Muhuri akamtazama. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, na yeye miaka yote hakuwa ameliona. Akachora huku macho yakimchonyota, na mama akimhimiza afanye upesi kwa kuwa nyonga si ya chuma. Alipofika usoni, mama akasema, bila kushusha mkono, ampigie kaka yake amwambie gari lisije.

"Pale nilikuwa namngoja yeyote," alisema. "Hapa nakungoja wewe, na jioni unarudi."

Muhuri akaitikia, sawa mama, akamwomba asitikise kichwa.