Jina yenye nilifuta ku mugongo ya medali

Hapana, mama, haikuwa uchafu. Usiniambie tena "ulisugua tu, mwanamuke anasugua." Uchafu inatoka na inarudi. Yenye nilitosha mimi, hairudi.

Mama alikuwa anaponda ndizi ya lituma, hakuinua kichwa. "Bon, ulifuta," anasema. "Sasa? Bazee balisha kata maneno. Ukienda kusema, tonton yako ataniangalia mimi, atasema: wewe ndiye ulimutuma. Acha. Koko amezeeka. Udongo ya hapa Kisangani pia ni udongo."

Udongo ya hapa! Koko, baba ya mama, anaomba kitu moja tu: azikwe Isangi, kando ya baba yake. Na miguu yake imevimba, anapumua kama mutu mwenye amebeba gunia. Siwezi kungojea mama amalize kuponda.

Ule baba yake alikuwa matelo. Kazi yake ku mashua ya muto: kusimama mbele na muti murefu, kupima maji, kupigia kapiteni kelele. Wakati ya vita ya kwanza ya Bazungu, Babeleji balimubeba mupaka ziwa Tanganyika, ku mashua yenye muzinga. Siku ya kwanza akatia muti yake mu maji, haikugusa kitu. Akatia mukono mupaka bega. Bure, ziwa haina chini! Mashua muzima balimucheka. Alors balimupatia kazi ya kubeba marisasi ya muzinga, na ile muzinga iliua sikio yake ya kuume. Vita ikaisha, balimupa medali ya shaba. "Sikio moja, medali moja," koko alikuwa anasema, anacheka peke yake.

Matelo alirudi Isangi, akaoa, akazaa mwanaume. Herufi alijifunza ku mashua, basi akakamata musumari, akachora jina ya mutoto ku mugongo ya medali, na nguvu ya kijana. Miaka mingi kisha, mu uzee, akaoa bibi wa pili, akazaa koko. Akakamata musumari tena. Lakini mukono ilikuwa inatetemeka, na jina ya koko ilitoka nyembamba kama unywele. Koko hakuingia masomo, mama pia. Mu nyumba yetu mimi tu najua kusoma. Tangu primaire nilikuwa namusomea: jina ya juu, jina ya chini. Ya chini aliniomba nirudie.

Juma iliyopita tulisikia bazee babili ya Isangi banakuya na tonton ku conseil ya famille, kikao ya jamaa, juu ya ile fasi ya kaburi. Niliangalia medali: nyeusi kama matako ya sufuria. Kwetu batu ya muto, mwanamuke anajulikana ku sufuria yake: muchanga laini, majivu, ndimu, unasugua mupaka uone uso yako ndani. Koko alikuwa amelala. Nilisugua mbele, nilisugua nyuma, haraka, niko na bintu ingine ya kufanya. Nilipokausha, niliona uso yangu. Niliona na jina moja. Ya juu ilibakia, sababu iliingia ndani ya shaba. Ya chini haikuwa tena.

Nilirudisha medali mu boîte ya maziwa fasi koko anaichunga.

Dimanche, kisha misa, balifika. Tonton ni mutoto wa ule mutoto wa kwanza ya matelo, donc koko ni papa yake mudogo. Yeye ndiye anachunga makaburi ya Isangi.

"Papa mudogo," akaanza na heshima yote, chupa ya bière mu mukono, "sisi tunakupenda. Lakini mama yako alikuwa anauzisha chikwanga ya muhogo ku beach. Mashua ngapi ilikuwa inasimama pale? Matelo ngapi balikuwa na njaa?"

Muzee moja alicheka mupaka akakohoa. Mwingine akaongeza: "Na banasema ile chikwanga ilikuwa tamu!"

Koko hakukasirika. Alijua eko na jibu. "Baba yangu alikuwa ananilalisha upande wa kushoto," akasema, "sababu sikio ya kuume haikusikia. Nilikuwa nasema mu ile sikio yenye ilibakia."

"Ile sikio, hata mbuzi ya Isangi ilijua," tonton akajibu.

Basi koko akatosha medali. Akapitisha kidole kubwa ku mugongo yake, polepole. Niliona kidole inafika ile fasi, inasimama. Inarudi. Inatafuta tena. Macho yake iko na wingu. Akaninyooshea mimi.

"Wewe uko na diplôme d'État. Basomee."

Nilisoma jina ya juu.

"Na ya chini?"

"Koko, iko moja tu."

Sikudanganya, ilikuwa moja. Ndiyo ile yenye inaniuma: nilisema kweli kusudi nijifiche.

Tonton akapiga mikono. "Ah, papa mudogo! Hata mujukuu yako! Miaka yote unatembea na medali ya baba ya wengine!" Akaikamata, akaitia mu mufuko ya shati yake. "Irudi Isangi kwa benyewe. Wewe ukikufa, tutakuletea maua hapa."

"Na chikwanga," muzee akasema. Bakacheka bote.

Tangu ile siku koko hakuli. Asubuhi ya leo nilimupelekea chai. Akanishika mukono.

"Ukiwa mudogo ulikuwa unanisomea majina mbili," akasema. "Ilikuwa juu ya kunifurahisha, eh? Uliongeza ile ingine. Asante, mama."

Niliacha chai kando yake. Nikaenda jikoni, nikaelezea mama yote, na yeye anaponda ndizi tu.

Baleinière ya Isangi, ile mashua ya mbao, inatoka kesho asubuhi, na tonton na bazee babili beko ndani. Nitakamata toleka, baiskeli ya kubeba batu, mupaka port ya Makiso; ikichelewa nitakimbia na miguu. Nitasema mbele ya basafiri bote, mbele ya bamama ya samaki: nilifuta mimi, na muchanga na ndimu. Tonton atoshe medali mu mufuko, bazee baangalie namna shaba ililiwa pale chini. Bakicheka, bacheke.

Lakini kabla ya kukamata toleka, nitaingia kwanza kwa koko. Nitamuambia sikuongeza kitu. Jina yake ilikuwa pale.