Habari za Tumbo

Wifi yangu ni fundi cherehani, mimi ni msusi, na chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu tumegawana nusu kwa nusu. Upande wa dirishani yuko yeye na cherehani yake. Upande wa mlangoni niko mimi, kiti changu na kioo chenye ufa. Mteja akija kusukwa anamkuta wifi anapiga pindo. Akija kupima gauni ananikuta mimi ninawasengenya waliotoka. Umbea ni idara yangu, yeye hana hiyo. Ukimletea kitambaa kibovu ulichopunjwa sokoni, atakwambia kizuri. Ukimkanyaga, atakuomba radhi yeye kwa kuweka mguu pale. Mtu mwema kiasi hicho anachosha, nawaambieni.

Ugonjwa wake niliujua kwa masikio kabla ya macho. Cherehani inakwenda, inakwenda, mara kimya. Kandambili zinakimbilia uani, mlango wa choo unabamizwa. Anarudi, anakaa, anakanyaga; pindo halijafika mwisho, kimya tena. Mwanzoni nilimtania. "Wifi, huko uani umemficha nani?" Naye akacheka. Siku nilipoingia chooni nyuma yake nikakuta damu, utani ulinikaukia mdomoni.

Hospitali walimpima kwa kamera, wakaona utumbo mpana umejaa vidonda. Si amiba, si minyoo, wala si mkono wa mtu kama alivyodai shangazi yetu. Ni mwili wake wenyewe unaoushambulia utumbo, na kwa nini unafanya hivyo hata wataalamu bado wanatafuta. Akapewa vidonge. Vilimsaidia, lakini vilimvimbisha mashavu mpaka wanawe wakamwita Mama Puto, na kila alipovipunguza damu ilirudi. Daktari bingwa, mama mmoja mfupi asiye na papara, akamweleza wazi: hali ikizidi hivi, itabidi utumbo mpana wote utolewe, na haja itoke kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Watu wanaishi na mfuko huo, alisema, wanafanya kazi zao na wanalea. Wifi aliitikia vizuri kama kawaida yake. Kufika nyumbani akakaa mbele ya cherehani, mikono mapajani.

"Mimi kazi yangu ni kuinama," alisema. "Nikiwa na mfuko hapa, nitainamaje?"

Nikachukua ufagio, nikafagia nywele ambazo nilikuwa nimeshazifagia.

Ndipo ukaja utafiti. Kulikuwa na dawa mpya ya sindano, na daktari alikuwa anatafuta wagonjwa wa kuijaribu. Wengine wangechomwa dawa, wengine maji ya chumvi matupu, na kwa macho sindano zote zilikuwa sawa. Nani anapata nini, mgonjwa hajui, muuguzi hajui, daktari mwenyewe hajui. Wakifika katikati, asiyepata nafuu anaanzishiwa dawa yenyewe, waziwazi. Aliyepata nafuu anaendelea na sindano zake zilezile mpaka mwisho. Wifi akakubali. Nilimpigia simu kaka, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huja kama mgeni.

"Mkeo anachezeshwa bahati nasibu, una habari?"

"Ninayo," akasema. "Una nyingine ya kumpa?"

Basi nikakata simu.

Akawa anakwenda hospitali na kurudi na tabasamu. "Wamesemaje?" namuuliza. "Ah, watu wazuri sana wale. Yule muuguzi kijana ana adabu! Ananiamkia vizuri." Haya. Lakini nyumbani cherehani iliendelea kunyamaza vilevile, na mashavu yaliyokuwa yamevimba sasa yalianza kuingia ndani. Nikajisemea, wale si ndio wanaochunguza? Watakuwa wanaona.

Ilipofika siku ya ile katikati, asubuhi alishikwa na kizunguzungu akajishikiza kwenye meza. Nikawaambia wateja wangu warudi kesho, nikamsindikiza.

Benchi la kliniki ile lina adabu yake. Nafasi inayogombewa si ya karibu na daktari, ni ya karibu na mlango wa choo, na hapewi mzee wala mwenye cheo, hupewa aliyezidiwa. Hakuna anayeuliza, wanatazamana tu na kusogea. Wifi alikuwa amekaa pale alipokuja binti mmoja mwanafunzi, mwembamba, miwani inamteleza puani. Wifi akainuka. Mwenyewe anatokwa jasho, lakini akainuka.

"Kaa, mwanangu. Mimi sijambo."

Kisha akaninong'oneza kwamba binti yule ana ugonjwa uleule, ila kwenye utafiti hakukubaliwa kwa sababu umri wake haujatosha. Itabidi asubiri mpaka dawa ithibitishwe. "Maskini," wifi akasema, na macho yake hayakumtoka yule mtoto.

Tukaitwa. Wifi akasema niingie naye, mimi ni ndugu. Muuguzi kweli alikuwa na adabu zake, umri sawa na mtoto wa kwanza wa wifi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tumbo tangu tulipoonana?"

"Nzuri."

"Choo, kwa siku mara ngapi?"

"Ah, kawaida tu."

"Kawaida ya watu, mama, au kawaida yako?"

"Mara mbili," wifi akasema, anatazama kucha zake. "Tatu, ikizidi sana."

"Na damu?"

"Imekwisha, namshukuru Mungu."

Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Asubuhi ileile, kabla chai haijapoa, alikuwa ameshakimbia uani mara nne! Mori ulinipanda mpaka kooni. Nikaumeza, kwa kuwa daktari ndiyo kwanza alikuwa anaingia na majibu ya maabara.

"Mama," alisema huku akivuta kiti, "damu yako mwilini imepungua tena. Kila ukija imepungua. Na kila ukija unasema hujambo. Naomba unisaidie, maana mimi sielewi."

"Labda mashine zenu, daktari," wifi akasema kwa upole.

Hapo breki zikakatika.

"Mashine gani, wifi? Mashine iliyoharibika ni mdomo wako! Daktari, huyu halali! Huyu hawezi kumaliza mkono wa gauni bila kukimbia! Nzuri, nzuri, nzuri gani? Unataka wakukate ndio useme?"

Muuguzi akaacha kuandika. Wifi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Sijawahi kumliza mtu nikajisikia vibaya kiasi kile, lakini maneno sikuyarudisha.

"Nitamwambiaje mtoto wa watu mambo ya choo?" alisema ndani ya mtandio. "Ananisalimia vizuri, mimi nimjibu damu? Na tena..." Akafuta pua. "Nikisema mbaya, si mtasema dawa haifai? Mtaitupa. Na yule binti hapo nje ataponea nini?"

Mweh! Kumbe uongo wote ule ulikuwa sadaka.

Daktari hakumkemea. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Sasa tuseme, mama, wewe ulikuwa unachomwa maji ya chumvi. Sijui, lakini tuseme. Unaniambia damu imekwisha. Mwenzako aliyechomwa dawa naye anasema imekwisha, na yeye kweli imekwisha. Nikiwaweka pamoja mimi nitaona nini?"

Wifi akashusha mtandio polepole.

"Utaona maji na dawa ni kitu kimoja."

"Na dawa ambayo haizidi maji, nani ataipitisha?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kwenye ule mwanya lilionekana goti la yule binti chini ya sketi yake ya shule.

"Kumbe nilikuwa ninayavika maji kilemba cha ukoka," wifi akasema. Kisha akamgeukia muuguzi, amejiweka sawa kama mtu anayetaka kupimwa nguo. "Niulize tena, mwanangu. Toka mwanzo."

"Habari za tumbo, mama?"

"Mbaya."

Neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata kwa msiba. Baada ya hapo yakatoka yote, anatazama ukuta. Mara kumi kwa siku, na usiku kuamka. Damu kila mara. Akasema mambo ambayo hata mimi nisiyepitwa na kitu yalinipita: kwamba hulala sakafuni kwenye korido ili asimwamshe mtu anapokimbia. Kwamba vile vipande vinavyobaki kwenye magauni ya wateja, ninavyomdhihaki navyo kuwa ni mbahili hatupi kitu, hujishonea pedi za kuvaa ndani, asije akachafua kiti mbele ya watu. Kijana aliandika bila kuinua kichwa, na jasho lilikuwa linamtoka puani. Mimi nilikuwa ninalia waziwazi.

Daktari akamwambia majibu yake ya zamani hayafutwi. Yataandikiwa maelezo kando, na hili la leo litaandikwa kama lilivyo. Kwa hili, yeye ni asiyepata nafuu, na dawa yenyewe ataanzishiwa. "Siahidi," alisema. "Wapo inaowakataa. Tukifika hapo tutazungumza habari za upasuaji, na uniambie ukweli hata hapo."

Njiani wifi alininunia. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema, basi. Nyumbani aliniwekea chakula bila kuniangalia, na mimi sikuomba radhi, kwa kuwa isingetoka moyoni. Tulikaa hivyo, chumba kimoja, kiti na cherehani, mpaka alipokwama kutia uzi kwenye tundu la sindano na kuninyooshea bila neno. Nikamtilia. Yakaisha.

Sindano za dawa yenyewe zikaanza. Ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, nami nikaanza kumwota mpasuaji ambaye hata sijawahi kumwona. Kaka akawa anapiga simu kila kituo cha mafuta.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nimefika katikati ya msuko, nikahisi humu ndani pana kitu kimepungua. Nikasimamisha vidole.

"Mbona umeacha?" mteja akauliza.

Nilikuwa ninasikiliza. Cherehani ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inakwenda tangu tulipofungua mlango, na kandambili zilikuwa miguuni pake, zimetulia.

"Wifi," nikaita. "Hujambo?"

Akaondoa mguu kwenye kanyagio. Mdomo ulifunguka na lile jibu lake la haraka, nikaliona linafika ulimini, akalizuia. Akaweka kiganja tumboni, akainamisha kichwa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Leo nimekwenda mara moja. Damu sijaiona tangu juzi. Hapa kushoto bado panauma kidogo." Akafikiri tena kama kuna alichosahau. Hakikuwepo.

"Sijambo," akasema.

Nikarudi kwenye kichwa cha mteja wangu, lakini njia za nywele sikuziona vizuri.

"Dada, unanidondoshea maji," mteja akalalamika.

"Tulia usukwe," nikamwambia, na kule dirishani cherehani ikaanza tena.